Aliyekata Fundo la Kwanza la Nywele za Zulma

Miezi saba, binti. Miezi saba tangu urudi kutoka Buenos Aires na hujakanyaga kwangu hata siku moja. Tanuri langu halijahama. Unapita ng'ambo ya barabara na mfuko wako wa mahindi, umeinamisha kofia eti nisikuone. Nakuona. Macho yangu yameharibika kwa vitu vya karibu, vya mbali naviona vizuri sana. Halafu ghafla naletewa barua imebandikwa gundi kama vile mimi ni ofisi ya mkoa. Mjukuu wangu amenisomea mara mbili, na mara ya pili nilimwambia asome polepole. Haya. Naiweka hapa yote ili wasomaji wa gazeti letu la parokia waelewe ninachojibu. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, na anayetaka kubahatisha abahatishe kimya nyumbani kwake. Barua kwanza, kisha nitakusema.

*

Mpendwa Bibi Ubalda, shikamoo. Nisamehe kwa kuandika badala ya kuja, nikija nitalia kabla sijafika mlangoni na wewe utanipa mkate badala ya kunisikiliza, ninakujua. Naomba ushauri, lakini kabla ya kuomba nataka kushukuru, kwa sababu mambo yote haya yamenikuta kwa kutendewa mema, sikutendewa ubaya wowote, na ndiyo maana sijui pa kuanzia.

Unajua niliondoka Zulma akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta, nikamwacha kwa dada yangu Casimira ambaye hana mume wala mtoto, nikasema nakwenda mwaka mmoja tu kushona, nikirudi tuongeze chumba, nikakaa miaka mitatu na nusu kwenye karakana ya suruali nikishona mifuko, mifuko tu Bibi, sijawahi kushona suruali moja nikaimaliza. Mwenzangu mmoja wa cherehani cha jirani alirudi kwao kabla yangu akamkuta mwanawe wa miaka sita, anamwuliza mwaka jana ulifanya nini, mtoto anainua mabega, unapenda nini, anainua mabega, alilelewa na watu wema wanaomlisha vizuri lakini hawakuwa na muda wa kusema naye, akanipigia simu akilia kwamba mwanawe ni kama nyumba iliyofungwa. Basi mimi nilirudi na hofu hiyo, nikamkuta Zulma mlangoni ameshika kiuno, akaniambia, ‘Wewe ndiye mama. Mimi ni Zulma. Nina miaka minne na mbwa wangu alikufa lakini sikumwogopa.’ Kisha akanisimulia mbwa alivyokufa, na alivyoanguka kisimani asizame, na siku mvua ya mawe ilipovunja mahindi na mama mkubwa akakaa chini shambani akacheka kwa hasira. Yote hayo anayo! Nikamwuliza dada amejuaje kusema hivi, dada akasema hajafundishwa, tukipukuchua mahindi jioni namwuliza tu, leo ilikuwaje, nani alikuja, wewe ulisema nini, ukasikiaje moyoni, na asipojua namwanzishia. Kila siku Bibi. Miaka mitatu na nusu. Mimi mama yetu alikuwa mtu wa kimya, kabla ya miaka saba mimi sikumbuki kitu, kama vile nilizaliwa nikiwa na meno yote. Sijui nitamlipa nini dada yangu kwa hili.

Sasa jambo lenyewe. Zulma alipotimiza miaka mitatu walimfanyia rutucha, wakamkata nywele zake za kwanza kama desturi, baba wa nywele, msimamizi wa kukata, alikuwa Mzee Eleuterio, na mimi sikuweza kuja, karatasi zangu za kuvuka mpaka zilikuwa hazijatoka. Walinipigia simu wakaiweka karibu na sinia ya kuwekea nywele nisikie, nikasikia watu, nikasikia Zulma anasema ‘mkasi ni baridi’, simu ikakatika kabla hawajaanza kukata. Baadaye dada akaniambia imekwenda vizuri, nilikata mimi, usijali.

Mwezi uliopita jirani yetu mpya, Petrona, alikuja kuazima chekeche. Zulma akamdaka. ‘Mimi nilipokatwa nywele mama alikuja,’ akamwambia. ‘Alikata yeye wa kwanza. Mimi sikulia, mama ndiye alilia, machozi yakaniingia hapa shingoni, yakanitekenya.’

Petrona akanigeukia. ‘Kumbe walikupa ruhusa? Bosi wako alikuwa na moyo huyo, wangu alikuwa ananihesabia mpaka chooni!’

Bibi, nilikuwa nimefungua mdomo kusema sikuja. Nikamwona Zulma ananitazama, uso umejaa. Nikasema, ‘Nilikuja mara moja tu, nikarudi.’

‘Na ulivaa kofia yako nyeupe,’ Zulma akasema.

‘Nilivaa,’ nikasema, ‘na sketi yangu ya kijani.’ Sketi hiyo nimeitoa kichwani mwangu mwenyewe, sijui kwa nini, ilinitoka tu.

Dada alikuwa mlangoni anamenya viazi. Kisu kilisimama, kisha kikaendelea. Petrona alipoondoka akasema viazi vimekwisha, akaenda kuchukua vingine, na kwenye beseni viazi vilikuwa bado vimejaa.

Tangu siku hiyo Zulma anaongeza. Nilikuja kwa basi la buluu. Nilikunywa supu ya karanga sahani mbili. Nililala naye. Kila akiongeza ananitazama niseme ndiyo, na mimi nasema ndiyo. Na sasa Mzee Eleuterio anakuja Sikukuu ya Watakatifu Wote na anasema analeta picha za siku ile alizokuwa amezihifadhi, amwonyeshe mtoto. Kwenye picha hizo mimi sitakuwepo. Je, nimwombe asizilete? Nimwache Zulma akue kwanza? Nikimwambia ukweli, Bibi, sikiliza linaloniuma, katika miaka yote ile hiki ndicho kitu pekee alichonacho kichwani kinachonihusu mimi. Kimoja tu. Nikikitoa, nabaki wapi? Na nisipokitoa, dada yangu aliyefanya kila kitu ndiye nimemtoa. Nisaidie.

Mwenye kushukuru na kuona aibu,
Hilaria.

*

Hilaria, mwanangu. Futa machozi tuongee.

Kwanza naanza na huyo mtoto, kwa kuwa ndiye pekee katika nyumba hiyo ambaye hana kosa. Zulma hakudanganya. Usiwahi kumwambia amedanganya, wala kwa mzaha, wala ukiwa umekasirika na viatu vyake vimejaa tope. Aliyedanganya ni wewe, na sketi yako ya kijani. Ebo! Sketi ya kijani! Hata huna sketi ya kijani.

Sasa sikiliza. Mimi sikusoma, jina langu nalichora kama mtu anayechora kuku. Lakini nimelea watoto tisa na wajukuu ambao nimeacha kuwahesabu, na wote wamepitia hapa mbele ya tanuri, na hapa jivu halikosekani. Mtoto wa mwaka mmoja ukimpaka jivu puani ukamsogeza kwenye kile kioo changu kilichopasuka, anafanya nini? Anakipapasa kioo. Anamchekea yule mtoto wa ndani, anataka kumpa mkate. Unarudia mwezi unaofuata, vilevile. Kisha siku moja, mwaka na nusu hivi, wengine wanachelewa mpaka miwili, anatazama kioo, halafu anashika pua. Pua yake! Siku hiyo mimi hucheka peke yangu kama mwehu. Hapo ndipo amefika. Na hazipiti siku nyingi utaanza kusikia: mimi nilianguka, mimi nilimwona ng'ombe, jana mimi. Kabla ya hapo mambo yanampitia tu. Mgeni amekuja na mzigo, nyumba haina mwenyewe, atamwachia nani?

Wazee wetu walilijua hilo bila kioo. Ndiyo maana hapa bondeni hatumkati wawa, mtoto mchanga, nywele mpaka aseme mimi. Mpaka aweze kuulizwa, ‘Wewe ni nani?’ na ajibu. Tunakata kwa sababu sasa kuna mtu wa kukumbuka kwamba amekatwa.

Kwa hiyo kama unalilia ile miezi uliyomnyonyesha, kwamba haimo kichwani mwake, mimi nakwambia haingekuwemo hata ungekaa hapa kama jiwe. Mimi nina miaka sabini na nane, sikumbuki ziwa la mama yangu. Je, sikunyonya? Tazama mikono hii inayokanda unga, imetoka wapi? Ulichompa kimo mwilini mwake. Usikitafute mahali ambapo hakikuwekwa.

Zulma alishika pua yake hapa kwangu. Ndiyo, hapa. Wewe ulikuwa umeondoka miezi mitano. Casimira alikuwa anapepeta, akaachia ungo, akasema, ‘Bibi, umeona? Umeona?’ Nikamwambia nimeona, okota mahindi yangu. Tangu siku ile ndipo alipoanza kumwuliza maswali. Watu walimcheka. Mimi mwenyewe nilimcheka. Nilimwambia, ‘Unamhoji mtoto kama polisi, we Casimira, huyo atakujibu nini?’ Akaniambia, ‘Bibi, mama yake akirudi atataka kujua. Nani atamweleza? Mimi nasahau. Bora tuwe wawili.’

Umesikia? Alikuwa anakuwekea.

Na si hilo tu. Katika kila jambo alikuingiza wewe. Wakila supu: mama yako anapenda supu hii, anakunywa sahani mbili. Basi likipita: mama alipanda la buluu kama hilo. Mtoto akilala: mama alikuwa analala upande huu. Sasa unashangaa basi na supu vimetoka wapi? Vimetoka kwenye mdomo wa dada yako. Mtoto wa miaka mitatu hachambui hili niliona na hili nilisimuliwa. Anaweka vyote kwenye kapu moja. Wewe mwenyewe una vitu vya namna hiyo kichwani, na mimi pia, tena mimi na umri wangu huu nikigombana na dada zangu kuhusu nani aliyeng'atwa na punda, kila mmoja anaonyesha kovu.

Lakini kuhusu nywele, nina jambo usilolijua, na leo nitalisema, hata kama Casimira atanisusa.

Mimi nilikuwepo siku ile. Mikate iliyoliwa niliioka mimi. Sinia ilikuwa pale, nywele zimegawanywa na kufungwa mafundo kwa utepe, kila mkataji fundo lake, Mzee Eleuterio ameshika mkasi, ile simu yenu imekufa. Eleuterio akasema, ‘Haya Casimira, wewe ndiye umemlea, anza wewe.’ Casimira akasema, ‘Hapana. Wa kwanza ni mama yake.’ Akaingia ndani. Akatoka amevaa kofia yako nyeupe, ile uliyoiacha kwenye msumari, na shali yako mabegani. Unajua desturi: mwenyewe akiwa mbali, mtu huvaa kofia yake akamfanyia. Kofia ilikuwa kubwa ikamwangukia mpaka kwenye nyusi. Tulicheka, Mungu atusamehe. Mmoja akapiga kelele, ‘Hilaria, umekonda!’ Na Casimira, ambaye katika maisha yake yote hajawahi kufanya mzaha mbele za watu, akajibu kwa sauti yako, vilevile unavyovuta maneno, ‘Kazi ya cherehani, jamani!’ Watu wakaanguka kwa kicheko.

Kisha akainama akakata. Hakuna aliyecheka tena. Alilia, na machozi yakamwangukia mtoto shingoni. Zulma akajikunja, akasema yanatekenya.

Halafu baada ya wewe, yaani baada ya kofia, Eleuterio akaita, ‘Zamu ya mama mkubwa!’ Casimira alikuwa ameshavua kofia. Akasema, ‘Mama mkubwa amepumzika. Apewe mwingine.’ Nikamwambia kata na lako, mwanamke, una haki yako. Akakataa. Alisema siku ile mkono wake ulikuwa wako. Akatusihi tusikwambie, eti utazidi kulia huko ugenini na kuharibu kushona.

Kwa hiyo mtoto wako amekumbuka sawasawa. Kofia, machozi, shingo, aliyekata wa kwanza. Amekosea mtu mmoja tu, na mtu huyo mwenyewe alifanya bidii ili akosewe. Ukiona picha za Eleuterio utamwona mwanamke amevaa kofia yako na uso haukai vizuri chini yake. Unataka Zulma aione picha hiyo mbele ya wageni, akutazame, na wewe uko hapo na uongo wako mdomoni? Miaka mitano si midogo. Anajua uso wa mama mkubwa wake kuliko anavyoujua wako. Ataona. Na akiona, hatajiuliza tu kuhusu nywele. Ataanza kujiuliza mbwa je, mvua ya mawe je, mimi ni nani kama haya yote ni ya kutungwa. Hicho ndicho utakachokuwa umekivunja, na hicho Casimira amekijenga jioni moja moja.

Unaniuliza ukikitoa unabaki wapi. Swali la kitoto, lakini nitalijibu kwa kuwa limekuuma kweli. Kwanza hukitoi. Kile alichokiona amekiona. Kofia ilikuwa yako, aliyekata alikata kwa jina lako, na hakuna mtu anayefanyiwa hivyo kama hapendwi. Pili, siku ile na wewe unayo yako. Simu ilipokatika ulifanya nini? Hukuandika, lakini najua ulifanya kitu. Ulirudi kwenye cherehani ukashona mfuko upande usio wake? Ulikwenda kulia chooni bosi anahesabu? Mpe hiyo. Hiyo ni ya kweli na ni yako, na hana. Tatu, mtoto ana miaka mitano, binti, hajazikwa! Atakayoyakumbuka akiwa mzima mengi bado hayajatokea. Yanatokea wiki hii, wakati wewe unaandika barua na gundi.

Basi fanya hivi.

Jibu hili mjukuu wangu, anayeniandikia, anakuletea mkononi leo Jumatatu. Gazeti linatoka Jumapili, litasomwa mlangoni mwa kanisa, na wanakwaya wetu unajua midomo yao. Una siku sita. Usizichezee. Na Eleuterio usimwombe afiche picha, asije akadhani tuna cha kuficha. Mwombe alete zote.

Kabla ya mtoto, nenda kwa dada yako. Peke yake. Usianze na hotuba. Mwambie, ‘Nimejua habari ya kofia.’ Kisha nyamaza, hata akikasirika. Atakasirika kwanza, atauliza ni nani aliyesema, mwambie ni mimi, na mimi nitapambana naye. Halafu mshukuru. Huko kushukuru ulikoniandikia kurasa mbili, yeye umeshamwambia? Nina hakika hujamwambia. Mnaishi nyumba moja mnapishana na masufuria. Si mimi niliyekulelea mtoto, barua ya shukrani naletewa mimi ya nini?

Kisha mwiteni Zulma mchana, mkiwa na kazi mikononi, watatu. Usimkalishe kama anasemwa. Mwulize kama Casimira anavyomwuliza, ‘Ilikuwaje siku ya nywele?’ Mwache aseme yote, basi na supu na vyote. Akimaliza, wewe ndiye useme, si dada yako. Sema, ‘Sketi ya kijani niliongeza mimi, haikuwepo. Mimi nilikuwa mbali siku ile, nilitamani kuja, sikuweza. Aliyekuwa chini ya kofia alikuwa mama mkubwa.’ Kwa maneno hayo machache. Usieleze karatasi wala mipaka, ana miaka mitano. Halafu mwambie ulikuwa wapi saa ile na ulifanya nini.

Akisema, ‘Hapana, nilikuona,’ usibishane. Mwambie, ‘Uliiona kofia yangu, kweli kabisa.’ Mwache aende akacheze. Atarudi na swali kesho, kesho kutwa, pengine akiwa chooni, ndivyo walivyo. Akilia, mlie naye, lakini usimbembeleze kwa kumwongezea uongo mwingine. Na akikimbilia mapajani mwa Casimira badala yako, usinune. Umesikia? Usinune. Kaa hapo hapo.

Na kuanzia jioni hiyo, kazi ya kuuliza mgawane. Siku moja yeye, siku moja wewe. Mwanzoni utauliza vibaya, utauliza kama mtu wa sensa. Utajifunza. Na wewe mwenyewe mwulize dada yako kuhusu hiyo miaka saba unayosema huikumbuki, yeye ni mkubwa kwako, alikuwepo, ana mambo yako ambayo hujawahi kumwomba.

Mimi sikukasirikii, Hilaria. Nilikukasirikia nilipoanza, sasa imepita. Nakushukuru umeniandikia, na namshukuru Mungu katika bonde hili kuna mwanamke aliyevaa kofia ya mwenzake akakubali kusahaulika. Sisi wengine tungekata fundo letu na kulipeleka likaonekane.

Alhamisi natia moto tanuri mapema. Njooni wote watatu, na usipite ng'ambo. Zulma akae katikati yenu kwenye benchi anisimulie siku ile upya, mwanzo mpaka mwisho, kwa jinsi anavyoijua sasa. Akikwama usimsaidie hata kwa neno moja, mwache Casimira amwulize. Wewe sikiliza.